Asante Iliyotangulia

Bido lile, dumu zima la mawese, nililibeba mimi mwenyewe. Nalisema mapema ili mtu asije akanihurumia kupita kiasi. Nililifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, nikalisukuma kupanda mlima hadi kwa direkta wa shule yetu, jasho linanichuruzika, nikapiga hodi, nikasema amahoro, nikapokewa kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameniambia kwamba mke wa direkta amejifungua, na kwetu Rumonge mzazi haendewi mikono mitupu. Kweli mtoto mchanga alikuwepo, nilimwona, kafunikwa shuka hadi puani. Nikampongeza baba mtu, nikageuza baiskeli, nikateremka huku napiga mluzi. Mluzi, jamani! Mtu mzima, mwalimu, mwenye akili zangu.

Wakati ule nilikuwa nimeshawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza kwa muda mrefu. Namaanisha wale wadogo kabisa, wanaofika Septemba wameshika daftari kama wameshika sahani ya moto. Katika shule nzima nilikuwa mwanaume peke yangu huko chini. Tulipaita huko chini kwa sababu madarasa ya wadogo yako upande wa ziwa, na ya wakubwa yako juu karibu na barabara na ofisi. Wanaume walikuwa juu, wanawake chini, na mimi katikati ya wanawake, sina habari.

Kazi ile niliipenda, wallahi niliipenda. Asubuhi watoto walikuja wananuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu mama zao huanika ndagala mchangani kabla jua halijawaka, na mtoto husaidia kugeuza. Nyumbani wanasema Kiswahili, shule inataka Kirundi, na ikifika saa nne lugha zote mbili zimeshakuwa uji mmoja. Tulihesabu kwa kokwa za chikichi, mpaka mmoja akazitia puani, nikamkimbiza kwa muuguzi nimembeba begani. Nilishika vidole vyao juu ya kalamu. Nilifunga vifungo, nilipangusa makamasi, nilijifunza kulia kwa njaa kunasikikaje na kulia kwa deko kunasikikaje. Halafu, kama mwezi wa pili hivi, siku isiyo na lolote, mtoto mmoja anainua kichwa ukutani na kusoma neno zima. Anashtuka mwenyewe. Ananiangalia kuuliza kama ni yeye aliyelisema. Kwa ajili ya uso ule mimi ningeweza kufundisha bila mshahara, ila msimwambie direkta.

Waliniita madamu. Si kwa kejeli, la. Mwaka wa kwanza ulikuwa umefundishwa na wanawake siku zote, na mtoto akifika tu anaambiwa na kaka yake kwamba aliye mbele anaitwa madamu. "Madamu, huyu amenikanyaga!" Juma la kwanza nilisahihisha. La pili nikachoka. La tatu nikawa naitika.

Shida ni kwamba watoto wana wazazi, na wazazi wana midomo. Habari ikafika sokoni, ikafika kwa vijana wa pikipiki. Nikipita barabarani, "Madamu, panda nikupeleke!" Nami namjibu, "Nipeleke kwa mama yako, nimwambie hukumaliza shule." Tunacheka, maisha yanaendelea. Walimu wenzangu wa juu nao hawakubaki nyuma. Mmoja alikuwa na hoja yake aliyoirudia kila tukikaa kunywa chai: mwanamke amezaliwa na subira ya watoto, Mungu amemuumba hivyo, mwanaume ameumbiwa mahesabu. Nikamuuliza, "Na mke wako alizaliwa nayo hiyo subira? Mbona jana tulimsikia hadi kituo cha mafuta?" Kuanzia siku hiyo hoja ikapumzika kidogo.

Niliweza kuwajibu wote kwa sababu nilijua nilikoitoa kazi yangu. Niliitoa kwa mama. Mama alifundisha mwaka wa kwanza maisha yake yote, katika shule hiyohiyo, na nilipokuwa bado sijafikia umri wa kuandikishwa hakuwa na mtu wa kuniachia, kwa hiyo alinikalisha nyuma ya darasa lake juu ya gunia. Niliona yote. Mama akiimba. Mama akipiga makofi, watoto wote wanasimama pamoja. Mama akimfuta mtoto pua kwa ncha ya kanga yake bila kukatisha wimbo. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, amechoka, mkali. Pale mbele alikuwa mwanamke mwingine, na mimi nilimtaka yule wa pale mbele. Nilipokuwa ninasomea ualimu, tuliulizwa mmoja mmoja tunataka kufundisha mwaka gani. Wavulana wote walisema wa tano, wa sita. Mimi nikasema wa kwanza. Darasa zima likacheka, na mkufunzi akaniuliza kama nimesikia vizuri swali. Nikasema nimesikia, mama yangu anafundisha huko, na sijaona mtu mwenye furaha kuliko yeye akiwa kazini.

Basi. Mwisho wa mwaka, siku tuliyogawa karatasi za matokeo, direkta alibandika orodha kwenye mlango wa ofisi: nani atafundisha nini Septemba. Sikwenda kuiangalia, ya nini? Nilikuwa chini nafagia darasa langu na watoto wawili waliokataa kwenda nyumbani. Mwalimu mmoja akateremka mbio, akanikumbatia. "Pongezi, ndugu yangu! Leo umekuwa mwanaume." Nikadhani ananitania kama kawaida. Akanishika mkono hadi mlangoni. Mwaka wa sita, jina langu. Darasa la mtihani mkuu, darasa la wanaume wenye kalamu mfukoni. Kila mtu alinipa mkono. Mwenye hoja ya subira akanipa mikono miwili. Nami nimesimama pale na ufagio.

Niliingia ofisini na ufagio wangu. Direkta wetu ni mtu wa milimani, kutoka upande wa Bugarama, Kiswahili alikijifunza hukuhuku ziwani, mtu mpole tu. Nikamwambia, "Direkta, kumetokea makosa. Mimi sikuomba kupanda."

Akacheka. "Yoo, mwalimu! Aibu ya nini? Iko kitu kizuri."

"Sikuomba."

"Hukuomba, ndiyo. Mulishukuru." Akaniangalia, akaona kweli sielewi, akaacha kucheka. "Mama yako hakukuambia? Alikuja hapa, akakaa kwenye kiti hicho. Akasema, 'Nimekuja kukushukuru kwa kumutoa mutoto wangu kule chini.' Nikamwambia, mama, mimi bado sijamutoa. Akasema, 'Najua, ndiyo maana nashukuru.' Siku mbili tu, wewe ukaleta mawese."

Msomaji asiye wa huku inabidi nimweleze. Kwetu kuna namna ya kuomba bila kuomba. Mtu akitaka kitu kwa mkubwa haendi kusema nipe. Anakwenda kusema asante, kana kwamba ameshapewa. Zawadi inafuata siku nyingine, tena inaletwa na mtu mwingine ambaye hasemi kitu. Ikishapokelewa, yameisha. Mkubwa hawezi kula asante ya jambo ambalo hakulifanya, ataonekana mwizi. Na aliyeombewa hawezi kukataa, maana akikataa amemfanya mwongo yule aliyetangulia kushukuru. Mimi nimekulia humu humu. Nimeona mabido mangapi yakipanda mlima ule! Mtu mwingine yeyote angenipa mzigo wa kupeleka kwa direkta ningeuliza maswali kumi. Lakini alikuwa mama, na kulikuwa na mtoto mchanga, nikaufunga kwenye keria.

"Rudisha," nikamwambia direkta. Hata mimi sikujua nasema nini.

"Mawese tumekula, mwalimu," akasema kwa upole. "Na asante hairudishwi. Kamuulize mama yako kama anataka irudishwe."

Nilitembea hadi nyumbani, baiskeli niliisahau shuleni. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachambua. Tunaishi wawili tu, baba alishatangulia mbele ya haki. Aliponiona aliinamia ungo. Alijua. Nikajua kwamba anajua, na hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama, umenifanya nini?"

"Nimekutoa," akasema.

"Nani alikuambia nimekwama?"

Akaweka ungo chini. "Unajua nilikwenda Magara mwezi uliopita? Unafikiri nilifuata samaki? Nilikwenda kukuulizia mchumba. Watu wazuri, wenye dini yao. Wakanipa chai, tukazungumza. Halafu baba wa binti akaniuliza, 'Mwanao ndiye yule wanayemwita madamu?' Mbele ya watu. Nikanywa chai ile yote, kwa sababu ningeiacha wangejua wameniumiza."

Niliumia kwa ajili yake, siwezi kusema uongo. Lakini niliumia zaidi kwa ajili yangu. "Si ungeniambia? Mimi waniite wanavyotaka, madamu, bibi, shangazi, yote sawa! Kazi ile naipenda. Na wewe ndiye uliyenifundisha kuipenda. Wewe, mama. Kila anayenicheka namwambia, nenda ukamuulize mama yangu."

Hapo mama akacheka, kicheko kidogo, kikavu, ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Mimi? Niliipenda mimi? Nani alikuambia?"

"Nilikuona. Nilikuwa nyuma pale. Ulikuwa unaimba."

"Nilikuwa naimba ili nisipige mtoto wa watu," akasema.

Akanieleza, huku mkono umerudi kwenye mchele, kama mtu anayesimulia ya jirani. Alipomaliza masomo yake alikuwa wa kwanza kwa mahesabu, kawazidi wavulana wote. Alifika shuleni na diploma yake imefungwa ndani ya kitambaa. Direkta wa wakati ule, marehemu sasa, hakuifungua. Alimuuliza kitu kimoja tu: umeolewa? Akasema ndiyo, na mimba ya kwanza ilikuwa inaonekana. "Basi chukua wadogo, utajifunzia kwao." Kila mwaka aliomba mwaka wa sita. Kila mwaka aliambiwa kuna mwanaume ameshaupata. Wanaume aliowazidi mahesabu walimpita mbele na chaki zao, wakaenda juu, wakaitwa walimu. Yeye akabaki chini kwenye makamasi mpaka magoti yakakataa.

"Nilichukia kila asubuhi," akasema. "Nilikuchukia hata wewe, ukiwa juu ya gunia unaniangalia kwa macho yale. Mungu anisamehe. Halafu unamaliza shule, mwanaume, mlango umefunguliwa mpaka mwisho, na unasema unataka huko chini. Nililia juma zima. Ulidhani ni furaha."

Kweli nilidhani ni furaha. Nilisimulia hilo mara nyingi, kwamba mama alilia kwa furaha.

Sijui niielezeje siku ile. Kuibiwa darasa peke yake ningevumilia. Lakini mama alinichukulia vyote viwili, nilichokuwa nacho na kile kilichonifanya nikitake. Miaka yote nimejitapa kwa furaha ya mtu ambaye hakuwa nayo. Nilimwambia amenidanganya tangu utoto. Akaniuliza alitakiwa kuniambia nini, mtoto mdogo vile, na swali lile likanichoma zaidi. Likizo nzima tulikula sahani moja bila kuongea, tunapishana kama wapangaji.

Septemba nikaenda juu. Nilivaa shati alilolipiga pasi yeye. Wanafunzi wakubwa walisimama wote kwa pamoja, kimya, wakasema, "Mwalimu." Hakuna aliyelia, hakuna aliyetaka kufungwa kitu. Niliandika mahesabu ubaoni, wakanakili. Saa nne, wakati wa mapumziko, miguu yangu ikateremka yenyewe.

Kwenye mlango wa darasa langu alikuwa amesimama msichana mgeni, mwalimu, mrembo na amekunja uso. Nyuma yake ndani watoto walikuwa wanalia, si chini ya sita, naye hawaangalii. Nikamsalimu. Nikamwambia mimi nilikuwa hapa zamani, akitaka msaada wowote aniite.

"Ah, wewe ndiye," akasema. "Hongera kwa darasa langu."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia bila kupunguza sauti. Alikuwa amefundisha mwaka wa sita huko milimani, akishika nafasi ya mwalimu mgonjwa, na watoto wake walifaulu vizuri, mpaka wazazi wakamletea mbuzi. Alipohamishiwa Rumonge alikuja kujitambulisha mapema, na direkta akamuahidi mwaka wa sita, maana kweli mwalimu wa mahesabu alikuwa anatafutwa. Aliporudi na mizigo yake akakuta mambo yamebadilika. "Akaniambia mimi nitawafaa wadogo, nina moyo wa mama. Mimi! Sijazaa, sijaolewa, nyumbani ni kitinda mimba, mtoto sijawahi hata kumbeba. Wakilia naogopa. Nafanyaje wakilia?"

"Muinue mmoja," nikasema. "Wengine watanyamaza wakushangae."

Akaniangalia kama nimemwambia ameze jiwe. Nikaingia mwenyewe, nikamuinua mmoja, wakanyamaza. Nilipotoka nikamkuta anafuta machozi kwa mkono wenye chaki, amejipaka weupe shavuni. Nikamwambia, "Dada, mimi nataka hapa, wewe unataka juu. Twende sasa hivi."

Tukaenda wote wawili. Nilikuwa na matumaini, kusema kweli, nilipanda ule mwinuko karibu nikikimbia. Watu wawili wanataka kubadilishana, nani ataumia? Direkta alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wazazi wamefurahi, wadogo wamepata mwanamke, wakubwa wamepata mwanaume, kila kitu kiko mahali pake. Nikamwambia mahali pake ni wapi, nani alipapanga? Akainua mikono.

"Mwalimu, mimi sina neno. Mimi nitabadilisha hata kesho. Lakini nilikula asante ya mama yako. Aje yeye mwenyewe, akae kwenye kiti hicho, aseme moyo wake umeridhika mukibadilishana. Neno moja tu. Bila hivyo atanipita barabarani na kusema nilikula chake bure, na atakuwa na haki."

Yule msichana akaniuliza tukiwa nje, "Mama yako ni mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mwalimu hapa," nikasema. "Usiogope. Akisikia habari yako atakuja leo leo." Na niliamini. Nilikuwa na hasira na mama, lakini jambo hili nililiamini kuliko yote, kwamba katika dunia nzima, mtu mmoja ambaye hawezi kumwacha msichana yule pale ni yeye.

Nilifika nyumbani mchana, chakula bado kiko motoni. Nikakaa chini mkekani karibu naye, kwa mara ya kwanza tangu likizo. Sikuongea habari zangu hata kidogo. Nilimweleza habari za msichana, mahesabu yake, watoto wake waliofaulu, ahadi aliyopewa, moyo wa mama alioambiwa anao. Nilimweleza chaki shavuni. Nikamwambia, "Mama, ni neno moja tu. Twende nikupandishe kwa baiskeli."

 Alifunua sufuria, akaangalia ndani, akafunika. Niliona macho yake yamelowa, na moyo wangu ukaruka, nikasema tayari, tumepona.

"Ni msichana wa umri gani?" akauliza.

"Mdogo. Ishirini na tatu, nne."

Akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa anahesabu kitu, nilimwona anahesabu.

"Atazoea," mama akasema. "Mimi si nilizoea?"